Gongo Begani

Mpira wa besiboli uliorushwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Kati ya mrushaji na bamba la nyumbani pana mita 18.44, lakini mrushaji huchapa hatua ndefu kabla ya kuachia, kwa hiyo safari yenyewe ni fupi zaidi. Toa muda ambao gongo linahitaji kuzunguka. Toa na muda wa ubongo kuuamuru mkono. Kinachobaki cha kuutazama mpira na kuamua ni kufumba na kufumbua. Gemu ya MLB The Show, ambayo San Diego Studio ya Sony imekuwa ikiitoa tangu 2006, imeiga hesabu hiyo bila huruma. Ndiyo maana mgeni wa gemu hii hupiga kila kijacho na hapati kitu.

Nilijifunza kuicheza Kampala, kwenye banda la PlayStation upande wa Makindye, ambako wakati huo runinga zote zilikuwa zikionyesha kandanda. Mwenye banda ni kijana wa Bukavu. Kiswahili chake na changu cha Mombasa havifanani sana, ila vinatosha kudaiana na kulipana. Diski ya besiboli ilimjia ndani ya mfuko wa diski za mtumba, na wateja wake walipoiona hawakutaka hata kuijaribu. Aliniuliza, "Papa, hii wewe unaijua?" Sikuijua. Nilijua kriketi.

Kriketi ndiyo iliyonifanya niitake. Utotoni tulikuwa tukichungulia mechi za Mombasa Sports Club, na marehemu baba, ambaye hakuwahi kushika bati maishani, alikuwa na neno moja tu la ufundi: usiangalie mpira, angalia kifundo cha mkono. Tarehe 24 Februari 2003 nilimwelewa. Kenya ilicheza na Sri Lanka jijini Nairobi kwenye Kombe la Dunia, na Collins Obuya, kwa mipira yake ya taratibu inayozungushwa kwa kifundo, akaangusha wiketi tano kwa mikimbio 24. Wapigaji wa Sri Lanka walikuwa mabingwa wa mipira ya kuzunguka, wamekulia humo. Siku hiyo walikuwa wakiucheza mpira baada ya kudunda, na baada ya kudunda muda ulikuwa umekwisha. Kenya ilishinda na mwishowe ikafika nusu fainali.

Katika besiboli hakuna kudunda. Mpira unakuja hewani mpaka mwisho, na hila yote inafanyika humo hewani. Ila chimbuko la hila ni lilelile: vidole na kifundo.

Fastiboli ya kawaida hutoka mkononi ikizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huisukuma hewa chini, nao mpira husukumwa juu kidogo, kwa hiyo hauanguki kama jicho linavyotarajia. Wapigaji husema fastiboli kali "inapanda". Haipandi, inachelewa kushuka, na gongo linapita chini yake. Mpindo ni kinyume chake. Mrushaji anauzungusha kwa mbele, hewa inausukuma chini, na ili ufike kwenye bamba lazima autoe mkononi kwa kuuelekeza juu kidogo. Slaida ni ya katikati: hutoka kama fastiboli, husafiri kama fastiboli, kisha karibu na bamba huchepuka kando. Chenjiapu ina mkono uleule na hasira zilezile za fastiboli lakini kasi yake ni pungufu, pengine kilomita 15 kwa saa, nawe unajikuta umemaliza kupiga mpira ukiwa bado njiani. Na kuna sinka, ambayo huzama upande wa mkono wa mrushaji. Hiyo nitairudia, kwa sababu mpaka leo hatuelewani.

Sasa, mtu aliyesimama uwanjani ana macho mawili, na macho mawili humpa kina: anajua mpira uko wapi njiani. Kioo cha runinga ni bapa. Mpira unapokuja unavimba tu, kutoka punje mpaka chungwa, na usipokuwa mwangalifu unadhani unaona umbali kumbe unaona ukubwa. Kwa hiyo kwenye gemu ule mwanzo, pale unapotoka mkononi, una thamani kuliko hata uwanjani. Wachezaji wa Marekani husimulia kwamba slaida huonekana kwa kitone chekundu, mishono ikizunguka mahali pamoja. Kwenye runinga ya Makindye, yenye mikwaruzo na mwanga wa mlango wazi, sijawahi kukiona kitone hicho na nimeacha kukitafuta.

Niliingia upande wa mazoezi. Gemu inakuruhusu kuchagua mrushaji, kuchagua aina za mirusho, na kusimama hapo urushiwe mpaka uchoke. Nikachagua aina mbili tu, fastiboli na mpindo. Nikaiweka padi mapajani, gongo la mchezaji wangu likabaki begani, na kila mpira ulipotoka mkononi nikautaja jina kwa sauti kabla haujafika.

Banda zima lilicheka. Pale unalipia dakika, na hapa kuna mtu mzima analipia dakika za kutofanya chochote. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya kandanda aliniambia, kwa heshima zote, "Mzee, kama hutaki kupiga, nipe mimi kiti." Mwenye banda akanitetea kwamba fedha ni fedha.

Kinachotokea ukiukataza mkono ni hiki: jicho linapata nafasi. Ukiwa na kidole juu ya kitufe, tayari umekwisha kuamua kwamba utapiga, na macho yanageuka karani wa kuidhinisha kilichokwishapitishwa. Huoni mpira, unaona ulichokitaka. Kidole kikiondoka, mpira unaanza kuonekana ulivyo. Mpindo ulikuwa wa kwanza kunifungukia. Ile hatua yake ya kwanza ya kupanda, kama inchi mbili kwenye kioo, hakuna mrusho mwingine ulio nayo. Ukiiona hiyo huhitaji kuona zaidi.

Lakini aliyetuzidi sote hakuwa mteja. Ni mdogo wake mwenye banda, msichana wa sekondari anayeuza maandazi na chai mlangoni. Hakuwahi kushika padi na hakuwa na haja nayo. Kwa kuwa alikuwa akipita na kurudi na birika, anautazama mrusho mmoja hapa na mwingine kule, siku moja alianza kutaja kabla yangu. "Ya kupinda, papa." Kweli. "Ya haraka." Kweli. Kaka yake akamwambia aache kubahatisha, naye akajibu, "Yaya, sibahatishi. Ile ya kupinda inaruka kwanza, hamuoni?" Nilipoongeza slaida kwenye mchanganyiko alikosea kidogo, kisha akawa hakosei tena. Nilimuuliza anaonaje. Akasema haangalii mpira, anaangalia kofia ya mrushaji, na mpira unapita mbele yake wenyewe.

Nimelifikiria jibu hilo sana. Wapigaji wa kweli hufanya jambo la jamaa na hilo: mrushaji anapojiandaa hawakodolei kiganja, hupumzisha macho kwenye kofia au kifua chake, kisha huyahamisha dakika ya mwisho mahali mkono utakapoachia mpira. Jicho likikodoa mapema linachoka na kuchelewa. Yeye alilifikia hilo akiwa na sinia la maandazi mkononi.

Kutambua ni nusu. Nusu ya pili ni kujua utatambua nini, na hapo ndipo hesabu ya mirusho inapoingia. Mpigaji hutolewa akipata straiki tatu. Mrushaji akirusha boli nne nje ya eneo, mpigaji huenda beisi ya kwanza bure. Boli zikiwa tatu na straiki moja, mrushaji amebanwa: lazima alete mpira ndani ya eneo, na mara nyingi ataleta ule anaoumudu zaidi, fastiboli. Straiki zikiwa mbili na boli hakuna, yeye ndiye bwana, na atakutupia uchafu chini ya magoti ili uufukuzie. Hali ya kwanza unasubiri kitu kimoja, na kisipokuja unaacha. Hali ya pili unalinda, unagusa hata ukingo. Warushaji wa kompyuta hufuata mantiki hii kiasi cha kutosha, na binadamu wanaifuata mno.

Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, na tangu hapo hakuna aliyefikisha .400 katika American League wala National League, aligawa eneo la straiki katika mipira 77, saba kwa upana na kumi na mmoja kwa urefu, na ndani ya kitabu chake The Science of Hitting akakipa kila kipande wastani wake. Katikati ya bamba alijipa .400. Kwenye kona ya chini, upande wa nje, .230. Mtu yuleyule, gongo lilelile. Gemu nayo ina ramani ya namna hiyo, nyekundu pale mchezaji anapopaweza na buluu asipopaweza, lakini vijana wa banda walikuwa wakiitazama kama pambo. Walipoanza kuuachia mpira wa kona ya chini hata ukiwa straiki halali, mikimbio ikaanza kuingia. Hilo liliwauma. Kuacha straiki ipite, mbele ya marafiki waliokodoa macho, ni fedheha ya kujitakia.

Kuna duara la kulengea ambalo unalisogeza kwa kidole gumba cha kushoto, na waliozoea husema uanze ukiwa umeliweka juu na ndani, karibu na mikono ya mpigaji. Nakubaliana nao kwa sababu ya muda tu: fastiboli ya juu na ndani ndiyo inayokupa nafasi ndogo kuliko zote, na mipira ya chini mara nyingi ni ya polepole, unaweza kushuka nayo. Subiri ya haraka, punguza kwa ya taratibu. Anayesubiri ya taratibu hataifikia ya haraka hata akiombewa dua. Kuna pia huduma ya kubashiri aina ya mrusho kabla haujarushwa. Ni kamari. Imezimwa kwenye banda letu na mimi ndiye niliyeizima.

Wapo wanaoshauri ufanye mazoezi kwenye ngazi za juu, kama Hall of Fame au Legend, ili ukishuka kila kitu kionekane cha polepole. Inasaidia mkono. Uvumilivu inauharibu, kwa sababu kwenye kasi ile unalazimika kuamua kabla hujaona, na tabia hiyo unashuka nayo.

Kabla ya yote hayo, runinga. Runinga za siku hizi huipaka picha manukato kabla ya kuionyesha: zinalainisha, zinang'arisha, zinajaza rangi. Kazi hiyo ina muda wake, na kwenye runinga nyingine unafika hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kandanda hujali. Kwa mpira unaofika kwa sehemu nne za kumi, robo ya maisha yake imepotea kabla hujauona. Runinga nyingi zina hali ya gemu inayozima manukato hayo. Mwenye banda aliiwasha kwenye runinga moja tu, picha ikapauka, wateja wa kandanda wakalalamika kwamba nyasi zimekauka, na tangu hapo runinga hiyo ikawa ya besiboli bila mtu kutangaza. Kucheza mtandaoni na watu wa Marekani tuliacha mapema. Intaneti ya Kampala kwa sehemu kubwa hushuka pwani hadi kwenye nyaya za baharini zinazotia nanga kwetu Mombasa, kisha ndiyo ivuke bahari, na kila mwendo una deni lake.

Hapo ningeweza kuishia, kama si safari ya Mpigi.

Mpigi iko kwenye barabara ya Masaka, na huko Richard Stanley, mhandisi mstaafu wa Marekani, alijenga viwanja vya besiboli na shule vilivyogeuka kitovu cha mchezo huu Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala iliifunga Saudi Arabia kule Kutno, Poland, ikapata nafasi ya kwenda Little League World Series, kisha ikanyimwa viza kwa tofauti za kumbukumbu za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, Pennsylvania, ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na ikawafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli ndiyo uji wa asubuhi.

Nilisimama nyuma ya wavu, nyuma ya mdakaji, mahali palepale gemu inapokuweka. Kitu cha kwanza ni sauti. Mpira una mvumo, na glavu ikiudaka inapasua hewa. Cha pili ni mikono ya wale vijana. Nilikuwa nimezoea kurushiwa na mabingwa wa kuchorwa, na bado nilijikuta narudi nyuma ingawa wavu ulikuwepo. Kisha nikawatazama wapigaji, na nikaona kitu nilichokijua: magongo yakianza mapema, miili ikitangulia, na mipira michache ya kupinda iliyorushwa kwa bahati ikawatoa wawili mfululizo.

Tazama waliosajiliwa mwanzoni. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwachukua Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma. Wote watatu walisajiliwa kama warushaji. Dennis Kasumba, mdakaji ambaye dunia ilimjua kwa video za mazoezi yake ya matairi kuukuu, mwaka huohuo alifika Frederick, Maryland, kucheza katika MLB Draft League. Juhudi zake hazina mfano. Lakini tairi hujenga kiuno na mkono. Haliwezi kukurushia slaida. Mkono wa kurusha unaweza kukua popote penye mawe na maembe. Jicho la kupiga linakua kwa kurushiwa, maelfu kwa maelfu, na watu wanaojua kupindisha mpira. Mtoto wa Santo Domingo amezungukwa na hao tangu utotoni. Wa Mpigi hana wa kutosha, na hilo si kosa la mwili wake wala la mwalimu wake.

Ndipo zoezi letu la banda likanirudia kichwani kwa sura nyingine. Peter Fadde wa Southern Illinois University amefanya kazi hiyohiyo kwa miaka, na kwa utaratibu: anawaonyesha wapigaji video ya mrushaji, anaikata mara tu mpira unapoachiwa, kisha anawauliza ni mrusho gani na utatua wapi. Hakuna gongo, hakuna mpira. Ni macho na jibu. Wachezaji wa vyuo waliofunzwa hivyo walipiga vizuri zaidi kwenye mechi zao. Kinachohitajika ni picha ya mrushaji mzuri na mtu wa kubonyeza kitufe, na simu za mtumba za Kampala zinaweza kubeba picha kama hizo kwa wingi. Nilimwambia hivyo mwalimu mmoja pale Mpigi. Aliniangalia kama anayehesabu gharama, akauliza ukubwa wa video, kisha akaandika namba yangu.

Niliporudi Makindye nilimsimulia mwenye banda habari ya video zinazokatwa. Hakusema kitu. Kesho yake nikakuta ameegesha kipande cha katoni la sabuni kwenye nusu ya chini ya runinga ya besiboli. Kwa kuwa gemu inakuonyesha uwanja kutoka nyuma ya mdakaji, mkono wa mrushaji uko juu ya kioo na bamba liko chini. Katoni linameza mpira katikati ya safari, na lazima useme jina lake ukiwa umeuona nusu. Akatangaza bei mpya: mirusho kumi kwa nusu ya ada ya mechi, ukipatia minane unapewa soda. Wale waliokuwa wakidai kiti changu sasa wanapanga foleni. Wapo ambao hawajacheza besiboli kamwe, hawajui hata straiki ni ngapi, ila wanataja slaida na chenjiapu kama majina ya jirani.

Sinka imebaki nuksi. Inatoka kama fastiboli na katoni linaimeza kabla haijaanza kuzama, kwa hiyo tunagombana kila siku kama ihesabiwe au iachwe. Mwenye banda anataka ihesabiwe, kwa sababu zinazohusu bei ya soda. Mdogo wake anashika upande wetu, lakini neno lake halina uzito tena, maana alishapigwa marufuku kushiriki baada ya kumaliza kreti.